Gobore Si Bunduki ya Bei Rahisi

Mtu wa kijiji kinachopakana na Pori la Akiba la Rungwa, Muhesi au Swagaswaga akitaka bunduki na mfukoni hana kitu, haendi dukani. Anaulizia mhunzi. Atakachouziwa ni gobore: mtutu wa bomba, kitako cha mti, baruti inayoshindiliwa kupitia mdomoni. Bunduki ya kijeshi hawezi kuipata kihalali, na akiipata kwa magendo hana uwezo wa kuitafutia risasi kila mara, kwa hiyo gobore ndilo linalosimama mahali pake. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Silaha hii inayosifiwa kwa urahisi wa bei ndiyo ghali kuliko vyote alivyonavyo maskini wa nyanda za kati, naye hataiacha kwa kutishwa tu. Ataiacha siku atakapopata kwa njia nyingine kile anachokitafuta kwayo, yaani usalama wa shamba lake, mifugo yake na watoto wake.

Tuanze na sheria, maana humo ndimo bei halisi ilimoandikwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, imefunga mlango wa silaha za kivita kwa raia. Ile bunduki ambayo taarifa za polisi huiita SMG, na ambayo dunia inaijua kwa jina la AK-47, si mali ya raia hata awe na fedha kiasi gani. Anayeruhusiwa kumiliki silaha ni yule aliyeomba bastola, bunduki ya marisau au bunduki ya kuwindia, na maombi yake yakaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa polisi wa wilaya na mkoa, mpaka leseni ikatoka. Gobore nalo halina msamaha wake peke yake. Mbele ya sheria ni silaha ya moto kama nyingine, na kulitengeneza au kulimiliki bila leseni ni kosa.

Ni kosa zito kuliko wengi wanavyodhani. Kesi ya kupatikana na bunduki bila leseni hufunguliwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anayetiwa hatiani kwa makosa hayo huhukumiwa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Vitabu vya mahakama zetu vina majina ya wakulima na wachunga ng'ombe waliofungwa miaka 20 kwa gobore moja lililokutwa uvunguni au kwenye dari ya nyasi. Fanya hesabu mwenyewe. Kijana wa miaka 30 akiingia gerezani leo, atatoka na miaka 50. Watoto aliowaacha wakinyonya watakuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Mke atakuwa amelima peke yake misimu 20 ya mvua za nyanda za kati, mvua ambazo hata zikija vizuri hazitoshi kumfanya mtu alale bila hofu. Weka upande mmoja fedha aliyomlipa mhunzi, na upande mwingine miaka hiyo 20, kisha uniambie urahisi uko wapi.

Kuna pia gharama nyingine isiyofika mahakamani. Bomba halikuundwa kuhimili mlipuko wa baruti. Likipasuka, linapasukia usoni na mikononi mwa mwenyewe, akapoteza jicho au vidole akiwa porini, mbali na zahanati, na akifika hospitali anaogopa kueleza kilichompata. Mwathirika wa kwanza wa gobore mara nyingi ni yule aliyelishika.

Wapo wanaoliona gobore kuwa alama ya watu waliobaki nyuma. Historia inasema vingine. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Tabora ilikatiza Ugogo, nchi kavu ambako anayemiliki kisima ndiye anayemiliki njia. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, nao walilipwa nguo, shanga, waya na mara nyingine bunduki na baruti. Pembe za ndovu zilishuka pwani, bunduki zikapanda bara. Kadiri majeshi ya Ulaya yalivyobadilisha silaha, yakiacha bunduki za kushindilia kwa mdomo na kuchukua za kujazwa risasi kwa nyuma, ndivyo shehena za zile kuukuu zilivyotafutiwa soko katika Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Kilichowashtua wakubwa wa Ulaya ni kwamba miongoni mwa hizo zilianza kuonekana bunduki za kisasa. Julai 1890 wakatia saini Mkataba wa Brussels, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake, bunduki za kisasa zilizuiwa kumfikia Mwafrika wa kawaida. Alichoachiwa ni bunduki ya jiwe la kiberiti isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wakoloni waliofuata walishika mstari huohuo: silaha kamili kwa dola na kwa walowezi, silaha duni kwa mwenyeji. Gobore, kwa hiyo, liliwekwa mikononi mwa babu zetu kwa makubaliano ya watu waliokaa mezani Ulaya, watu waliotaka Mwafrika awe na uwezo wa kuua swala lakini asiweze kuitikisa serikali.

Je, waliobahatika kuzipata bunduki za kijeshi waliokoka? Agosti 17, 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Walishinda kwa mkuki zaidi kuliko kwa bunduki, na katika ushindi huo wakateka bunduki karibu 300 pamoja na mizinga. Ni watawala wachache wa bara waliopata silaha nyingi za kisasa kwa siku moja namna ile. Hata hivyo Oktoba 30, 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka, na Julai 19, 1898 Mkwawa akajiua asikamatwe. Bunduki aliziteka, lakini hakuwa na kiwanda cha risasi, wala hakuwa na miaka ya kuwafundisha askari wake silaha hizo, wala meli ya kumletea nyingine. Kule Unyanyembe, mtemi Isike alikuwa na akiba kubwa ya baruti katika boma lake. Januari 1893 Wajerumani walipolivunja, aliiwasha baruti hiyo akajilipua nayo. Nawaheshimu mashujaa hawa wawili kwa moyo wangu wote. Historia yao inatufundisha kwamba bunduki ni mkia wa mnyama mkubwa. Nyuma yake kuna viwanda, barabara, mafunzo na hazina, na anayeshika mkia pekee hajamshika mnyama.

Ugogo wenyewe umeijua bunduki ya kijeshi kwa upande wa mdomo wake. Katikati ya mwaka 1890 Carl Peters alipita huku, akagombana na mtemi Makenge kwa sababu ya hongo, akachoma vijiji na kuswaga ng'ombe, kisha akayaandika hayo kitabuni kwa fahari. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zilipokosekana, ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliyoua maelfu kwa maelfu ya Wagogo na kuwatawanya waliobaki. Hakuna gobore lililozuia hilo, wala lisingeweza.

Nauleta mfano mwingine ulio karibu zaidi, kwa kuwa ndio unaojibu swali la vijana wanaosema kwamba kila kaya ingekuwa na bunduki, wezi wangekoma. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimwaga silaha za kijeshi katika jamii mbili za wafugaji wa nchi kavu. Kaskazini mashariki mwa Uganda, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, Wakaramoja walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto na kujichukulia maelfu ya bunduki bila kulipa hata senti. Bunduki ya bure kabisa! Lakini mwaka 1980 Karamoja ilipigwa na njaa kali, na moja ya sababu zake ilikuwa wizi wa ng'ombe kwa bunduki, uliovuruga kilimo, masoko na njia za misaada. Miongo iliyofuata vijana walizikana, na serikali ya Uganda ililazimika kupeleka jeshi kunyang'anya silaha tena na tena.

Huku kwetu, baada ya vita hivyohivyo, silaha nyingine zilizagaa mikononi mwa majambazi na wezi wa mifugo katika Unyamwezi na Usukuma. Wanakijiji wa upande wa Kahama na Nzega hawakukimbilia kutafuta SMG zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijiunga katika sungusungu, kwa pinde, mishale, filimbi na yowe. Mwizi akipita kijiji kimoja, yowe lilimtangulia kijiji cha pili na cha tatu, mpaka akajikuta amezingirwa na mamia ya watu. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Sungusungu walifanya pia mabaya, na si haki kuyaficha: waliwatesa watuhumiwa na kuwaandama wazee kwa tuhuma za uchawi. Lakini kwa upande wa ng'ombe, umoja uliojipanga ulifanya kazi ambayo bunduki 1,000 zilizotawanyika majumbani zisingeifanya. Vita vilikuwa vilevile. Njia zikawa mbili, na matunda yake tumeyaona.

Sasa turudi kwa mkulima wa leo wa Manyoni, Chemba au Kondoa. Kwa nini bado anamwendea mhunzi? Si kwa ajili ya vita. Tembo wakitoka porini usiku, ekari mbili za mtama au mahindi humalizika kabla ya alfajiri. Ngiri na nyani huja mchana. Fisi huchukua mbuzi. Askari wa wanyamapori huitwa, nao wana magari machache na eneo kubwa la doria, wakifika shamba limekwisha kuwa kiwanja. Kuna pia njaa ya kitoweo, kwani kwa familia isiyo na mifugo dikidiki mmoja ni mboga ya siku mbili. Ni mahitaji ya kweli. Kiongozi anayeyapuuza akadhani kila mwenye gobore ni jangili mkubwa, atakuwa anapigana na kivuli.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi na kifuta jasho kwa waliodhuriwa na wanyama wakali: shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa, na kwa shamba kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi tano. Jina lenyewe linakiri kwamba hii si fidia. Mkulima aliyelipwa kwa viwango hivyo shilingi 25,000 kwa ekari iliyoliwa yote, baada ya kusubiri tathmini na malipo kwa muda mrefu, hakuweza kununua nayo hata nusu ya chakula alichopoteza. Palipo na pengo hilo ndipo mhunzi anapopatia wateja.

Na gobore likishaingia nyumbani halikai na kazi moja. Mnunuzi wa pembe anapopita kijijini humtafuta mtu anayelijua pori na aliyezoea kulenga. Anampa fedha ya kianzio, halafu risasi, halafu SMG ya kuazima iliyopenya mpakani. Ndivyo mwindaji wa kitoweo anavyogeuzwa kibarua wa mtandao ambao mkuu wake hajawahi kumwona. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,051 hadi 43,330, na mfumo wa ikolojia wa Ruaha na Rungwa, unaofika mpaka huku kwetu, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopata pigo kubwa. Walioifaidi fedha hiyo hawaishi vijijini. Waliojaza magereza ndio wa vijijini.

Serikali ilijibu kwa Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013. Ilikamata silaha na majangili, lakini ilisimamishwa mapema Novemba baada ya taarifa za mauaji, mateso na udhalilishaji wa raia. Desemba 20, 2013, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kusomwa hapahapa Dodoma, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Tusilisahau somo hilo kwa sababu ya haraka ya kutafuta matokeo. Msako unaomfanya mwanakijiji amwogope askari kuliko jangili huziba masikio na macho ya dola, kwani taarifa za mahali zilipo silaha hutoka kwa mwanakijiji huyohuyo.

Najua jibu la upande wa pili, nami sitaki kulikwepa. Husemwa kwamba polisi wako mbali, mwizi hana leseni, na mtu ana haki ya kulinda roho yake. Vijana huona kwenye simu jinsi Mmarekani anavyonunua vipande vya bunduki ya mfano wa kijeshi na kuviunganisha nyumbani kwake, wakauliza kwa nini wao wasifanye hivyo. Wamtazame Mmarekani huyo mpaka mwisho. Mwaka 2022 serikali yake yenyewe ilitunga kanuni za kudhibiti bunduki za kuunganisha zisizo na namba, kwa kuwa polisi walikuwa wakizikuta kwenye matukio ya uhalifu bila njia ya kujua zilikotoka, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaziacha kanuni hizo zisimame. Mei 24, 2022 kijana wa miaka 18 aliingia shule ya msingi ya Uvalde, Texas, na bunduki ya mfano wa kijeshi aliyoinunua kihalali, akaua watoto 19 na walimu wawili, huku polisi wenye silaha wakiwa wamejaa nje ya darasa. Nchi tajiri kuliko zote, yenye bunduki nyingi kuliko watu, haijawalinda watoto wake kwa wingi wa bunduki. Ama kuhusu umbali wa polisi, hoja hiyo ni ya kweli, na dawa ya umbali ni kuusogeza ulinzi.

Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili anayemiliki silaha kinyume cha sheria aisalimishe polisi au kwa viongozi wa serikali za mitaa bila kushitakiwa. Ni jambo jema, na namsihi kila msomaji mwenye ndugu anayeficha gobore amhimize kuitumia nafasi hiyo. Lakini msamaha unaomwambia mtu lete ulichonacho, bila kumwambia atategemea nini baada ya hapo, utawapata wachache. Yapo mambo manne yanayoweza kuupa nguvu.

La kwanza ni kifuta jasho. Kilingane na thamani ya mazao yaliyoliwa, na kilipwe kabla ya msimu unaofuata wa kupanda. Mkulima anayejua kwamba tembo akila shamba lake serikali itamlipa debe kwa debe, hana sababu ya kukesha na baruti.

La pili ni ulinzi usio na mtutu. Uzio wa mizinga ya nyuki, ulioanza kujaribiwa Kenya, pamoja na kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, umeonyesha uwezo wa kuwageuza tembo. Singida na Tabora ni nchi ya nyuki tangu zamani. Mzinga ukilinda shamba ukatoa na asali, mkulima amevuna mara mbili. Askari wa vijiji nao wapewe mafunzo, tochi zenye nguvu, simu na pikipiki, wawe wa kwanza kufika wakati gari la doria bado liko njiani.

La tatu ni mhunzi. Mtu anayeweza kutengeneza kitasa cha bunduki kwa patasi na moto wa makaa ana kipaji ambacho taifa linakihitaji. Ana mikono ya kutengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe, mashine za kupukuchua alizeti, milango na mikokoteni. SIDO, shirika la viwanda vidogo, imekuwapo tangu mwaka 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina vyuo katika mikoa yetu. Anayesalimisha vifaa vyake katika kipindi cha msamaha aandikishwe palepale, apewe cheti cha ujuzi alionao na mtaji wa kuanzia. Tukimfunga mhunzi mmoja, mwanafunzi wake anachukua zamu. Tukimwajiri, karakana yote inahama upande wetu.

La nne linawahusu wabunge. Sheria iendelee kuwa kali kwa mwenye SMG, kwa mwenye kuuza silaha na kwa mfadhili wa ujangili. Lakini hakimu apewe uwezo wa kupima. Mzee aliyekutwa na gobore la kufukuzia nyani, asiye na rekodi ya uhalifu, asilazimishwe kubeba miaka ileile 20 ya mfanyabiashara wa silaha za kivita. Adhabu isiyotofautisha inawafundisha watu kuficha zaidi, kwani anayeogopa miaka 20 hatatoka na gobore lake kwenda ofisi ya mtendaji hata siku ya msamaha.

Bunge letu linakaa Dodoma. Kutoka viwanja vyake hadi vijiji vya Manyoni na Chemba ni mwendo wa saa chache kwa gari, na kila mwaka bajeti ya ulinzi wa wanyamapori na ya usalama wa raia hupitishwa ndani ya ukumbi huo. Wabunge wa mikoa ya kati waulize wakati huo shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mkulima anayepakana na pori, na wasikubali kujibiwa kwa idadi ya magobore yaliyokamatwa. Kipimo cha mafanikio kiwe idadi ya mashamba yaliyovunwa salama. Siku mkulima wa pembezoni mwa Muhesi atakapopiga simu usiku akaitikiwa kabla tembo hawajamaliza ekari ya kwanza, mhunzi atakosa mteja, na hakuna operesheni itakayohitajika kulitafuta gobore lake.